Je, Wajua? Siri za Saa ya Zamani na Mkanda Wake wa Chuma

Saa ya mkono ya zamani, hasa ile ya kurithi, mara nyingi hutufikia ikiwa bado inatembea, lakini mkanda wake umelegea, umekatika au umepotea kabisa. Anayeipokea huona kazi iliyobaki ni ndogo: atafute mkanda wa chuma unaong'aa, fundi auchomeke, basi. Kumbe hapo ndipo saa nyingi zilizovumilia miaka 50 au 60 hupata makovu yasiyofutika. Mkanda utanunuliwa tena kesho, lakini kasha la saa ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani kulipata ni kazi. Kwa hiyo kanuni ni moja: mkanda ndio uifuate saa, si saa iufuate mkanda. Mambo yafuatayo yanaonyesha kwa nini.

Je, wajua kwamba moja ya saa za mkono za mwanzo kabisa ilifungwa kwa nywele?

Mwaka 1810, Caroline Murat, malkia wa Naples na dada yake Napoleon, alimwagiza fundi Abraham-Louis Breguet wa Paris amtengenezee saa ya kuvaa mkononi. Ilikamilika mwaka 1812. Kumbukumbu za Breguet zinaeleza kuwa mkanda wake ulisukwa kwa nywele na nyuzi za dhahabu. Saa yenyewe haijulikani ilipo leo, ila vitabu vya karakana vinaonyesha kuwa ilirudishwa kwa matengenezo mwaka 1849 na tena mwaka 1855. Mwaka 1868 kampuni ya Patek Philippe ya Geneva nayo ilitengeneza saa ya bangili kwa ajili ya mwanamke wa ukoo wa kikabaila wa Hungaria.

Kwa miaka mingi saa ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake, na wanaume wakaendelea kubeba saa za mfukoni zenye mnyororo. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyobadilisha mambo. Askari aliyeko handakini hakuwa na nafasi ya kuingiza mkono mfukoni kila alipotaka kujua wakati wa mashambulizi. Saa nyingi za enzi hizo zina vipande vya waya vilivyolehemiwa kwenye kasha ili mkanda mwembamba wa ngozi upite.

Je, wajua kwamba saa yote hushikiliwa na vijiti viwili vyembamba?

Kati ya masikio ya saa, yaani vile vipembe vinne vinavyotokeza juu na chini ya kasha, kuna pini mbili za springi. Kila pini ni kijibomba chembamba chenye springi ndani na ncha mbili zinazobonyea. Ukizibonyeza, pini hufupika na kutoka. Ukiziachia, ncha huchomoza na kuingia kwenye vitundu vilivyo upande wa ndani wa masikio. Pini nyingi za saa za kawaida zina unene wa milimita 1.5 au 1.8. Saa za wapiga mbizi hutumia pini nene zaidi, na baadhi ya zile za Seiko hufikia milimita 2.5.

Pini hizi ndizo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye saa, na ndizo zinazobeba dhamana yote. Jasho na chumvi huingia ndani ya kijibomba, springi hupata kutu, na siku moja ncha hugoma kuchomoza. Anayebadilisha mkanda bila kubadilisha pini ameacha hatari pale pale. Pini mpya mbili ni lazima, tena ziwe za urefu na unene unaolingana na vitundu vya saa. Pini nyembamba kwenye kitundu kipana hucheza, na kadiri inavyocheza ndivyo inavyokipanua kitundu.

Kabla ya yote, hakikisha saa yako ina pini zinazotoka. Baadhi ya saa za zamani, hasa zile za jeshi la Uingereza, zilitengenezwa na vijiti visivyotoka kabisa. Kwa saa hizo Waingereza walitumia mkanda wa chuma ulioitwa Bonklip, ambao ncha zake hufunguka na kukunjwa juu ya kijiti. Baadaye, mwaka 1973, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliidhinisha mkanda wa nailoni unaopita chini ya pini zote mbili, ambao leo dunia nzima inauita mkanda wa NATO. Faida yake ni kwamba pini moja ikikatika, saa hubaki ikining'inia kwenye pini ya pili badala ya kuanguka.

Je, wajua kwamba milimita moja inaweza kuharibu kasha?

Kipimo cha kwanza cha mkanda si mzunguko wa mkono wako. Ni nafasi iliyopo kati ya masikio mawili ya saa. Mikanda mingi inayouzwa siku hizi hufuata namba shufwa: 18, 20 au 22. Saa za zamani hazikujali utaratibu huo, na nyingi zina nafasi ya milimita 17 au 19. Rolex zenye kasha la milimita 34, kwa mfano, huhitaji mkanda wa milimita 19, wakati ndugu zake za milimita 36 huchukua mkanda wa milimita 20.

Mkanda wa ngozi wa milimita 20 unaweza kubanwa ukaingia kwenye nafasi ya 19, maana ngozi husinyaa. Chuma hakisinyai. Ukikilazimisha, kitachubua masikio kwa ndani. Na ukiweka mkanda wa 18 kwenye nafasi ya 19, utateleza huku na huku mchana kutwa, ukisaga kuta za masikio kidogo kidogo. Kwa hiyo usikisie kwa macho, na usipime kwa rula ya shule pekee. Kalipa, yaani kipimo chenye taya mbili, hutoa jibu la uhakika. Pima upande wa juu na upande wa chini pia, kwani saa iliyowahi kuanguka huweza kuwa na sikio lililopinda.

Je, wajua kwamba pingili ya mwisho ina namba yake?

Mkanda wa chuma una namna mbili za kukutana na saa. Ya kwanza ni ncha iliyonyooka, ambayo huacha uwazi mdogo kati yake na kasha. Ya pili ni pingili ya mwisho iliyopinda kufuata duara la kasha, isiache uwazi. Hii ya pili ndiyo inayopendeza zaidi, na ndiyo yenye masharti zaidi. Upindaji wake unafuata kasha moja maalumu, si upana wa masikio tu. Saa mbili zenye nafasi ileile ya milimita 20 zinaweza kukataa kuazimana pingili kwa sababu kasha moja ni nene au duara lake ni kubwa zaidi.

Ndiyo maana viwanda vilikuwa vikipiga chapa ya namba kwenye pingili hizo. Mkanda wa Omega Speedmaster wenye namba 1171, kwa mfano, huendana na pingili za mwisho namba 633. Anayetafuta mkanda wa badala hutakiwa kujua namba zote mbili: ya mkanda na ya pingili.

Pingili za zamani nyingi zilikunjwa kutoka kwenye bati jembamba la chuma, na ndani ni tupu. Watu huzidharau na kutaka za kisasa zilizochongwa kwenye chuma kizima. Lakini ule wepesi una manufaa yake: pingili ya bati ikigongana na kasha, mara nyingi inayopinda ni pingili. Ile ya chuma kizima haipindi, na madhara yote huyapata kasha.

Je, wajua kwamba si kila saa nyeupe ni ya chuma?

Chuma kisichoshika kutu kilipata umaarufu baada ya kazi ya Harry Brearley huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Baadaye ikaja aina yenye asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, iliyouzwa kwa jina la Staybrite. Ukifunua kifuniko cha nyuma cha saa za miaka ya 1930 unaweza kulikuta jina hilo limechapwa humo. Siku hizi mikanda mizuri hutengenezwa kwa chuma cha 316L, ambacho kimeongezewa molibdeni ili kistahimili chumvi. Kwa watu wa Mombasa, Tanga, Unguja au Muscat, hilo ni jambo la maana, kwa sababu jasho na maji ya bahari ndivyo vinavyokitoboa chuma dhaifu vijitundu vidogo vidogo.

Hata hivyo, saa nyingi za bei nafuu za miaka ya 1940 hadi 1970 si za chuma. Kasha lake ni la shaba nyeupe au shaba ya njano iliyopakwa kromiamu, na kifuniko cha nyuma peke yake ndicho cha chuma. Soma maandishi yaliyo nyuma ya saa: yakisema kwamba ni kifuniko tu kilicho cha chuma, ujue kasha lililobaki ni la madini laini. Angalia pia kingo za masikio. Ukiona rangi ya njano ikichungulia chini ya weupe, hiyo ni shaba.

Hapa ndipo kanuni yetu inapouma. Chuma ni kigumu kuliko shaba na kuliko dhahabu. Mkanda mzito wa chuma ukivishwa kwenye kasha la shaba au la dhahabu, kila mkono unapotikisika pingili hulisaga kasha. Baada ya miaka michache masikio huwa membamba, na mfereji hujichora pale pingili inapogusa. Kwa saa ya namna hiyo, mkanda mwepesi wenye ncha iliyonyooka, au wa ngozi, ni heshima kubwa kuliko mkanda mzito wa gharama.

Nikeli nayo ina habari yake. Kuna watu ambao ngozi huwawasha na kutoka upele inapokutana na madini hayo. Umoja wa Ulaya uliweka sheria mwaka 1994 kupunguza nikeli inayotoka kwenye vitu vinavyogusa ngozi. Mikanda mingi ya zamani ilitengenezwa kabla ya hapo, kwa hiyo mtu mwenye ngozi nyepesi aujaribu mkanda kwa saa chache kabla ya kuuvaa siku nzima.

Je, wajua kwamba kiwanda kimoja kiliwavisha washindani wote?

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kampuni za saa hazikutengeneza mikanda yao zenyewe. Ziliagiza kwa mafundi wa vito. Aliyeongoza ni Gay Frères wa Geneva, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1835 ikitengeneza minyororo. Mikono yake ilipita kwenye saa za Patek Philippe, Rolex, Heuer na Zenith. Mkanda maarufu wenye punje ndogo za mviringo, unaojulikana kwa jina la punje za mchele, ulitoka hapo. Hali kadhalika mkanda wenye matundu kama ngazi uliovishwa Zenith El Primero ya mwaka 1969.

Mwaka 1972 Gay Frères walitengeneza mkanda wa Audemars Piguet Royal Oak, saa iliyochorwa na Gérald Genta. Humo kasha na mkanda vimeungana kama mwili mmoja, hakuna masikio ya kawaida. Ni uzuri wenye gharama: mkanda wa saa ya aina hiyo ukiharibika, hakuna mwingine wa dukani utakaoingia. Anayenunua saa yoyote ya zamani yenye muundo huo aukague mkanda kwanza, kisha ndiyo aitazame mashine. Mwaka 1998 Rolex iliinunua Gay Frères.

Je, wajua mikanda ya kuvutika ilitoka wapi?

Wengi wanaikumbuka mikononi mwa wazee: mikanda isiyo na kifungo, unayoivuta ikapanuka, ukapitisha kiganja, ikarudi. Mingi ilizaliwa Pforzheim, mji wa Ujerumani ambao kazi yake ya vito ilianza mwaka 1767. Tarehe 23 Februari 1945 mabomu yaliuteketeza, na watu zaidi ya 17,000 walikufa. Viwanda vilijengwa upya, na katika miaka ya 1950 kampuni ya Rodi & Wienenberger ya mji huo ikaja na Fixoflex. Huko Marekani, Speidel ya Providence ilitoa mkanda wa ukoo huohuo mwaka 1959 kwa jina la Twist-O-Flex.

Ndani yake kuna tabaka mbili za pingili zilizoshonwa kwa vibanio vidogo, na kila pingili ina springi bapa inayovuta. Mingi ina uso wa dhahabu na mgongo wa chuma. Ukiona maandishi 1/20 12K G.F., maana yake sehemu moja kati ya ishirini ya uzito wa madini hayo ni dhahabu ya karati 12. Mkanda huu haukatwi kwa koleo. Fundi hufunua vikunjo vya pembeni, huchomoa vibanio, hutoa pingili zilizozidi, kisha hurudisha. Ubaya wake ni kwamba hung'oa vinyweleo, na kwa kuwa huvutwa kila siku, husugua masikio ya saa.

Pforzheim pia ni maskani ya mkanda wa kusuka wa Milano, ule unaofanana na kitambaa cha chuma. Kampuni ya Vollmer imekuwa ikiutengeneza mkanda wa aina hiyo huko. Ni mwembamba, unapitisha hewa, na humkaa vizuri mtu wa pwani. Lakini angalia kifungo. Tangu Apple ilipotoa mkanda wa Milano unaofungwa kwa sumaku mwaka 2015, mikanda ya kuiga imejaa madukani. Kwa saa ya kidijitali haina neno. Kwa saa ya mashine, sumaku karibu na springi ya nywele, yaani ile nyembamba inayoratibu mwendo wa saa, inaweza kuzifanya koili zake zishikane, na saa ikaanza kukimbia mbele.

Je, wajua kwamba mkanda ni mmojawapo wa "tano" za Seiko 5?

Saa hii iliyoanza mwaka 1963 ni miongoni mwa saa za kujijaza zenyewe zilizoenea sana duniani. Seiko huzitaja sifa tano: kujijaza yenyewe, siku na tarehe katika dirisha moja, kuzuia maji, kitufe cha pembeni kilichofichwa usawa wa namba 4 kwenye uso wa saa, na kasha pamoja na mkanda vya kudumu. Kwa hiyo anayevua mkanda wa asili wa Seiko 5 na kuutupa ametupa sehemu ya sifa ya tano.

Je, wajua kwamba chuma cha mkanda hakivutiki?

Watu husema mkanda umevutika. Kilichotokea ni tofauti. Pingili huzunguka juu ya pini zake kama bawaba ya mlango. Vumbi, chumvi na uchafu wa ngozi huchanganyika kuwa unga unaokwaruza, na unga huo husaga pini na matundu yake. Kila kiungo kikilegea kidogo, mkanda mzima hulegea sana. Kuna dalili unayoweza kuiona mwenyewe: doa la rangi ya kutu kwenye mkono wa shati jeupe. Huo ni unga wa chuma uliosagika ndani ya viungo.

Kumkagua mtuhumiwa ni rahisi. Ilaze saa ubavu, ishike kwenye kasha, uache mkanda utokeze hewani. Mkanda usiochoka hubaki karibu kunyooka, uliochoka huinama hadi chini. Dawa ya kuchelewesha uchovu huo ni maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini, mkanda ukiwa umetolewa kwenye saa. Ukitoka baharini, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Je, wajua mshale ulio ndani ya mkanda unasema nini?

Geuza mkanda, utaona vishale vidogo kwenye baadhi ya pingili. Hizo ndizo zinazotolewa ili kupunguza urefu. Pini husukumwa kutoka kufuata mshale, na hurudishwa kwa kuuendea mshale kinyume. Pini nyingi zimepasuliwa upande mmoja ili zibane. Upande huo uliopasuka ndio unaoingia mwisho. Mikanda mingi ya Seiko ina nyongeza: kijibomba kifupi kuliko punje ya mchele ambacho pini hupita ndani yake. Hiki hudondoka kimyakimya pingili inapoachana. Tandaza kitambaa cheupe mezani kabla ya kuanza, la sivyo utapiga deki chumba kizima ukikitafuta, na bila hicho pini haitabana.

Toa pingili kwa uwiano pande zote mbili, ili kifungo kikae katikati ya mkono kwa chini. Pima urefu mchana, wakati wa joto, maana mkono huvimba kidogo. Vile vitundu vya pembeni mwa kifungo vipo kwa ajili ya tofauti hiyo ndogo.

Je, wajua makovu mengi ya masikio hutoka kwenye kisu cha jikoni?

Kuvisha mkanda hakuhitaji nguvu wala kisu. Laza saa kifudifudi juu ya kitambaa laini. Funika masikio kwa selotepu, ndani na nje. Pitisha pini mpya kwenye tundu la pingili ya mwisho na la pingili ya kwanza ya mkanda. Ingiza ncha moja kwenye kitundu cha sikio, kisha bonyeza ncha ya pili kwa kifaa maalumu cha pini chenye ncha iliyogawanyika, huku ukisukuma pingili mahali pake. Utasikia mlio mdogo wa ncha kuingia. Usiuamini mlio peke yake: vuta mkanda pande zote, juu na chini, saa ikiwa bado juu ya kitambaa. Kama masikio yana matundu yaliyotoboka hadi nje, kazi ni nyepesi zaidi, kwani pini hubonyezwa kwa nje.

Je, wajua kwamba kifungo kinaweza kutaja umri wa mkanda?

Vifungo vingi vya zamani vina alama za mwaka. Rolex, kwa mfano, ilianza kutumia herufi mwaka 1976, herufi ya kwanza ikiwa A, ikiambatana na namba ya mwezi. Saa ya mwaka 1966 yenye kifungo cha herufi hizo imebadilishiwa mkanda, au angalau kifungo, na hilo si kosa. Ni sehemu ya maisha yake. Kosa ni kuuza bila kusema.

Kwa sababu hiyo, mkanda wa zamani uliochoka usiutupe wala usimwachie fundi kama chuma chakavu. Uoshe, ukaushe, utie kwenye bahasha pamoja na pingili na pini zilizobaki, uandike juu yake ni wa saa gani na ulitolewa mwaka gani. Mikanda iliyochoka inaweza kukazwa upya na mafundi wa vito, na anayeirithi saa baada yako atakuwa na uhuru wa kuchagua: avae huu mpya, au airudishie saa mkanda iliotoka nao kiwandani.